Kutoka Kashaulili Kufuata Resi ya Ziwani

Nilipomsimulia shemeji yangu kwamba kwetu Nungwi, Unguja, mtu mzima huacha kazi zake akashinda ufukweni kutazama resi ya ngalawa, alitafuna muhogo wake kwanza mpaka ukaisha. Kisha akauliza, "Na mshindi anapata nini?"

"Mara fedha, mara mashine ya boti," nikamjibu. "Mara jina tu."

"Basi hata sisi tunayo resi," akasema. "Ila ya kwetu haina zawadi. Ukichelewa umeharibikiwa."

Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yake Kashaulili, kata iliyo katikati ya mji wa Mpanda, nikadhani ananitania. Mpanda mwisho wa Agosti ni vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sahani ya wali. Reli wanayo, iliyoletwa kuelekea mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Madini yaliachwa zamani, treni inaendelea kuja. Watu wamejaa kutoka kila upande: Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, Wasukuma waliofuata malisho, na watoto na wajukuu wa Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 wakapewa Katumba na Mishamo, na ambao wengi wao sasa ni Watanzania kwa karatasi kama walivyo kwa lugha. Maji ya kuelea chombo ndiyo hayapo. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya kilomita mia moja magharibi, ng'ambo ya misitu ya miombo.

Mchana akanichukua sokoni. Kwenye meza za samaki kulikuwa na migebuka wembamba, wanaong'aa, mashavu yao bado mekundu. Mimi ni mtu wa pwani, samaki aliyelala namjua kwa jicho. Hawa hawakuwa wamelala. Shemeji akamwinua mmoja kwa mkia. "Huyu jana usiku alikuwa anaelekea Kongo," akasema. "Unadhani amefikaje hapa?"

Nikaamua kwenda kuona.

Lakini kwanza nieleze resi ya kwetu, maana ndiyo niliyokwenda nayo kichwani, na kila nilichokiona Karema, kijiji cha ziwani walikotoka samaki wale, nilikipima kwayo. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja wenye matengo huku na huku, na tanga la pembe tatu linalotwekwa kwa foromali. Siku ya mashindano watoto hukimbia kutoka rasi moja hadi nyingine wakifuata chombo cha mjomba wao. Wazee hawakimbii. Wao hukaa kwenye kivuli cha jahazi linaloundwa, wakaisoma resi nzima kwa macho: huyu kabisha mapema mno, yule kachelewa kukaza demani, yule mwingine tanga lake la viraka bado zuri lakini watu wake wazito. Kila tanga linajulikana ni la nani, na linajulikana lilishonwa lini. Wageni nao wameipenda kazi hii. Katika miaka ya 2010 lilianzishwa shindano la masafa marefu katika pwani ya Tanzania, likaitwa Ngalawa Cup na baadaye Kraken Cup, ambalo washiriki wake wengi ni watu kutoka nchi za mbali wanaofundishwa kushika usukani siku chache tu kabla ya kuondoka. Wazee wa kwetu huwatazama kwa huruma na kwa furaha kubwa.

Jambo la kushika hapo ni moja: resi ya ngalawa huonekana. Ukiwa ufukweni na macho mazuri, hakuna kitakachokupita.

Njia ya Karema siku zile ilikuwa vipande vipande, hapa inatengenezwa, pale bado ile ya zamani. Tulikutana na magari yanayotoka ziwani yakiwa yamebeba makasha ya samaki, yanakwenda kasi ya kutisha, na dereva wetu kila mara alisogea pembeni kuyapisha. Hakulaumu hata kidogo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hao wana mzigo unaooza. Mimi nina wewe tu." Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua kunukia, jambo ambalo mtu wa minazi kama mimi hachoki kulishangaa. Halafu ardhi inaporomoka, na chini, bila kukuandaa, ziwa.

Nilitaka kusema bahari. Kongo iliyo ng'ambo siku hiyo haikuonekana kwa ukungu wa moto wa mashamba, na mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga. Harufu ndiyo iliyokataa: hakuna chumvi, hakuna mwani. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani, ni Baikal peke yake inayolipita kwa kina. Nchi nne zinalinywa, nasi ni mojawapo.

Karema yenyewe ni kijiji chenye historia kubwa kuliko ukubwa wake. Wabelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili walikuja hapa mwaka 1879 wakajenga ngome, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe, ambao waliigeuza misheni. Katekista mmoja mstaafu alinionyesha eneo hilo akinisimulia habari kana kwamba aliziona. Leopold, akasema, alitaka kujua kama mizigo ya Afrika inaweza kubebwa na tembo, basi akaleta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, wakatembezwa kuja huku. Wengi wao walikufa. Na Carter, mtu aliyewaongoza, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 wakati wa vita vya mtemi Mirambo alipokuwa anajaribu kurudi pwani. "Tembo kutoka India!" katekista akarudia, akicheka mpaka akakohoa. "Na hapa tembo tulikuwa nao wamejaa."

Habari ya pili aliyonipa ndiyo iliyonikaa zaidi. Wabelgiji walipochagua mahali pa ngome, ziwa lilikuwa limejaa kupita kawaida yake. Punde maji yakazoa matope na majani yaliyokuwa yameziba mto Lukuga upande wa Kongo, yakapata njia ya kutokea, na ziwa likashuka. Ngome iliyojengwa ili kutazama maji ikaachwa nchi kavu. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka: ziwa limepanda tena, limekula nyumba na barabara Kigoma, Bujumbura na Kalemie. Ufukwe wa Tanganyika si wa kuuamini. Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila mtoto anajua saa yake. Hapa hujaa na kupwa kwa miaka, na mtu anaweza kufa kabla hayajarudi.

Nikamwambia katekista nimekuja kutafuta resi. Hakushangaa. "Resi ilikuwa wakati wa Liemba," akasema.

Meli hiyo kila msomaji ameisikia. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa maelfu ya makasha mpaka Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilipita Karema ikienda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Gati hapakuwepo. Meli ilisimama mbali, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na hapo kila mwenye mtumbwi aliruka kitandani. Wa kwanza kufika ubavuni alichagua abiria wenye mizigo mikubwa. Wa mwisho alipata watoto na kuku. Wanawake walisimama ufukweni na vibatari wakiwapigia kelele waume zao, na kwa sauti ya makasia tu walijua nani ametangulia. Katekista mwenyewe alipiga kasia ujanani. Aliposema hivyo alinyoosha mikono yake nione.

Sasa Karema ina bandari ya kisasa, iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47, yenye gati refu linalongojea mizigo ya Moba na Kalemie, ng'ambo Kongo. Nilitembea juu yake asubuhi moja na ni kazi nzuri. Ila Liemba wakati huo ilikuwa imekaa Kigoma kwa miaka kadhaa bila kusafiri. Meli ilipokuwepo, gati halikuwepo. Gati lilipokuja, meli haikuwepo. Serikali ina haki ya kunijibu kwamba bandari hujengwa kwa ajili ya kesho, na huenda ni kweli. Wapiga makasia wa Liemba hawakuulizwa.

Alasiri nikapata resi niliyoijua. Mitumbwi miwili midogo ilikuwa inatoka kusini imebeba kuni, kila mmoja na mvulana mmoja, kila mmoja na kijitanga cha pembe nne kilichoshonwa kwa mifuko ya salfeti. Upepo wa kusi ulikuwa nyuma yao. Matanga ya namna ile hayawezi kubisha hata kidogo. Yanajua kwenda mbele tu, upepo ukigeuka ni kasia. Lakini wale wavulana walikuwa wanashindana, hilo halikufichika, kwa jinsi kila mmoja alivyokuwa akimtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho. Nikajikuta nakimbia ufukweni sambamba nao, mtu mzima na viatu mkononi. Nilitaka kumwambia yule wa nje asogee ndani, maana karibu na nchi upepo ulikuwa unapiga vizuri zaidi.

Kinamama waliokuwa wanaanika dagaa waliacha kazi. "Huyu baba anawakimbiza kwa nini?" mmoja akauliza. "Wamemwibia?"

Wa ndani akashinda. Hakuna aliyepiga makofi. Mama yake alimpokea kwa kumgombeza kwamba kuni zimechelewa.

Kwa kichekesho hicho nikapata wenyeji. Yule aliyeuliza, mama mmoja mchuuzi aliyevaa kitenge cha njano, alinisikia nikisalimia akasema, "Wewe mtu wa Unguja, unaongea kama taarifa ya habari." Nikamweleza niliyofuata. Akaniambia nisubiri giza.

Nilikuwa nimefika wakati mzuri bila kupanga. Mwaka huo wa 2024, kwa mapatano ya nchi nne za ziwa, uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa lilipofunguliwa mbalamwezi ilikuwa inakaribia kujaa, na dagaa havuliwi kwa mbalamwezi, kwa sababu taa za wavuvi hazina nguvu mbele ya mwezi. Kwa hiyo wavuvi walikaa tena siku kadhaa wakilitazama ziwa lililo wazi. Sasa mwezi ulikuwa umepungua, na giza la kwanza la maana tangu Mei lilikuwa limeshaanza.

Walitoka jua lilipokuwa linazama. Boti mbilimbili zimefungwa pamoja kwa magogo, wavu umening'inia katikati, taa zimefungwa kwenye miti. Injini zilianza moja moja, halafu zote kwa mpigo, na ufukwe mzima ukanuka petroli. Kila nahodha anataka kufika kwanza mahali anapoamini dagaa wapo, kwa sababu anayewasha taa mwanzo huwakusanya, na anayewasha baadaye jirani yake huokota masalio. Watoto walikimbia mpaka maji yakawafika kiunoni. Wazee walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Hapo, nakiri, nilijisikia nipo Nungwi.

Kisha wakapotea. Zikabaki taa, nyingi, mbali, na kwangu zote zilikuwa sawa. Mama wa kitenge aliketi kando yangu akaanza kuzisoma. Ile iliyo peke yake kusini ni ya fulani, hapendi watu. Zile zilizokusanyika ni vijana wa kijiji cha Ikola, hufuatana. Ile inayofifia betri yake mbovu, alimwambia mwenyewe aibadilishe. Siku za babu yake, alisema, waliwasha moto wa kuni ndani ya mtumbwi na kuchota dagaa kwa lusenga, wavu wa mkono. Kisha zikaja karabai, na sauti yake ya kufoka ilisikika mpaka nchi kavu. Sasa ni taa za betri na sola, hazisemi kitu. "Karabai ilikuwa inakwambia," akasema. "Hii inakutazama tu."

Tulikula pale pale: ugali wa muhogo na migebuka waliopikwa kwa mawese, nyanya na pilipili. Kwetu samaki asiye na nazi hudhaniwa kuwa mpishi wake kagombana na mumewe. Lakini mawese yana uzito wake, na mgebuka aliyekaushwa moshi kidogo kabla ya kuingia sufuriani hahitaji kuombewa radhi na nazi. Niliongeza mara mbili.

Usiku kucha nilifikiria mashindano ya Vendée Globe, yanayofanyika Ufaransa kila baada ya miaka minne. Mtu peke yake ndani ya chombo cha tanga huondoka Les Sables-d'Olonne, akaizunguka dunia bila kutua bandarini njiani, akarudi pale pale. Umati hujaa kwenye mlango wa bandari kuwaaga, na baada ya saa chache hakuna tena cha kutazama. Aliyeshinda yale yaliyoanza miezi michache baada ya safari yangu, Charlie Dalin, alirudi Januari 2025 baada ya siku 64. Katikati watu hufuata nukta kwenye ramani ya simu. Nilikuwa nimekwenda Karema na kipimo cha ngalawa, kumbe resi ya Karema ni ya aina ile nyingine: unaona mwanzo, unaona mwisho, na katikati kote ni kusoma ishara. Tofauti ni kwamba Mfaransa aliye ufukweni anaweza kwenda kulala. Mama wa kitenge alikuwa ameshakopa fedha za kununulia mzigo wa asubuhi.

Alfajiri ndipo nilipoelewa kilichobadilika. Zamani, aliniambia, chombo cha kwanza kugusa mchanga ndicho kilichopanga bei. Wachuuzi waliingia majini na mabeseni, wakamshika nahodha mkono, wakamwita baba. Sasa simu hushika mtandao kabla chombo hakijaonekana. Nahodha anapofika mahali pa kwanza penye mtandao, huko huko majini, anapiga Kashaulili moja kwa moja, anamwambia tajiri ana beseni ngapi, fedha inatumwa kwa simu, mzigo umeuzwa. Mstari wa ushindi umehama kutoka mchangani ukaenda majini, na anayesubiri mchangani anauziwa mabaki.

"Kwa hiyo unafanyaje?" nikamuuliza.

"Nina namba zao," akasema, akagonga simu yake iliyopasuka kioo. "Na wao wana madeni yangu."

Simu yake ililia kabla hajamaliza. Alisikiliza, akataja bei, akakataa, akakata. Ikalia tena. Chombo cha yule asiyependa watu kilipotokeza kutoka kwenye ukungu, mama alikuwa ameshaununua mzigo wake, naye mwenye chombo alishuka ufukweni akitabasamu kama mtu aliyeshindwa vizuri.

Niliwauliza wengine kuhusu ile miezi mitatu ya kufunga ziwa, maana kwenye hotuba jambo hilo huwa jepesi. Majibu hayakulingana. Mvuvi mmoja alisema migebuka wameonekana wakubwa zaidi na kwamba yeye angefunga hata miezi minne. Mama mmoja aliyeuza maandazi kipindi chote hicho alisema maandazi hayasomeshi mtoto sekondari. Upungufu wenyewe haubishaniwi na mtu. Watafiti walionyesha tangu mwaka 2003 kwamba maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Wavu wenye macho madogo umemalizia. Mimi naona kufunga ni sahihi. Naona pia kwamba aliyefungiwa anastahili kupewa cha kufanya, na karatasi ya tangazo si kazi.

Kipande cha mwisho cha resi ni barabara. Makasha yalijazwa barafu, yakapandishwa magarini, bodaboda zikafungwa mizigo mpaka dereva akabaki kichwa tu, na wote wakaondoka kwa pamoja kuelekea Mpanda. Sisi tulifuata nyuma tukila vumbi lao. Nilipoingia sokoni Kashaulili mchana, migebuka wale walikuwa mezani, na wateja waliokuwa wakiwabonyeza mashavu hawakuwa na habari ya taa, ya mkopo, wala ya nani alipiga simu kwanza. Walitaka kujua bei tu, na bei ilikuwa imepanda.

Msomaji ukipata nafasi, nenda. Usiende kati ya Mei na Agosti kabla hujauliza kama ziwa limefungwa, na usiende mwezi ukiwa mkubwa, utakuta watu wamelala. Chukua koti, maana usiku wa ziwani una baridi. Ukifika Karema tafuta kinamama wanaoanika dagaa, wasalimie, kaa nao mpaka alfajiri, na ukinunua samaki, nunua kwao, siyo kwa tajiri wa simu.